Pointi mbili zile zile: Kocha mpya ni ufundi au zali?

  

Leo tuligeukie suala ambalo hapa mjini limevunja urafiki wa watu wengi pengine kuliko madeni. Kocha mpya anaingia. Mechi ya kwanza anashinda. Ya pili anashinda. Ya tatu anatangulia kufungwa, halafu anasawazisha na kuongeza la ushindi dakika za lala salama. Hapo kijiwe chochote, kuanzia Manzese mpaka Kariakoo, kinagawanyika. Upande mmoja unasema jamaa ni profesa wa kandanda. Upande wa pili unajibu kwa mkato: "Profesa wapi, zali tu hilo!" Halafu wapo wale wa tatu, hawakosekani, wanaopunguza sauti na kusema kamati ilikesha. Hao tuwaache, maana kamati haziandikagi ripoti.

Nimelileta suala hili kwa sababu nyuma ya ubishi wetu kuna kibarua cha mtu. Tukisema ufundi, anaongezewa mkataba. Tukisema zali, siku akifungwa mbili mfululizo kitumbua chake kinaingia mchanga. Sasa tukihukumu kwa kelele tu, kuna siku tutampa mkate mtu mwenye ngekewa na kumfukuza fundi.

Tuanze na mkasa ambao ungekuwa hadithi ya kutunga, mhariri angeurudisha kwa maelezo kwamba mwandishi kazidisha chumvi.

Januari 2024, Ivory Coast walikuwa wenyeji wa Fainali za Mataifa ya Afrika, zile za 2023 zilizosogezwa mbele. Tarehe 22 wakabugizwa mabao 4-0 na Guinea ya Ikweta, tena kwao, mbele ya mashabiki wao. Makundi yakaisha wakiwa na pointi tatu, wamefunga mawili na kufungwa matano. Tarehe 24 kibarua cha kocha wao Mfaransa, Jean-Louis Gasset, kikaota nyasi. Wakubwa wa soka wa kule wakabisha hodi Ufaransa kumwazima Hervé Renard, aliyewapa kombe hilo mwaka 2015 na ambaye wakati ule alikuwa na timu ya wanawake ya Ufaransa. Wenyewe wakakataa. Basi timu akaachiwa msaidizi, Emerse Faé, mchezaji wao wa zamani, ambaye siku hiyo hiyo alikuwa anatimiza miaka 40. Zawadi gani hiyo ya siku ya kuzaliwa, timu iliyokwishachungulia kaburi!

Hebu sasa tuhesabu bahati zake.

Ya kwanza, Ivory Coast walikuwa hawajui kama watavuka. Walikuwa wanawasubiri Zambia, waliokuwa wanacheza na Morocco usiku wa tarehe 24. Sare tu ingetosha Zambia kuwatupa nje wenyeji. Morocco wakashinda 1-0. Na unajua kwa nini Zambia walifika usiku ule wakiwa na pointi mbili tu? Siku tatu kabla, Taifa Stars yetu iliwabana sare ya 1-1. Zambia wangetufunga siku ile, Ivory Coast wangebaki watazamaji nyumbani kwao. Kwa maneno mengine, sisi Wabongo tulimpigia Faé debe kabla hata hajakabidhiwa timu. Asante yetu hatujaiona mpaka leo!

Ya pili, hatua ya 16 bora wakapewa Senegal, mabingwa watetezi. Dakika ya nne wakawa wameshafungwa. Wakasawazisha dakika ya 86 kwa penalti ya Franck Kessié na kuvuka kwa mikwaju, 5-4.

Ya tatu, robo fainali na Mali. Mali wakapata penalti mapema, wakaikosa. Kabla ya mapumziko Ivory Coast wakabaki kumi uwanjani baada ya Odilon Kossounou kulambwa kadi nyekundu. Wakafungwa. Dakika ya 90 Simon Adingra akasawazisha, na dakika za nyongeza za muda wa nyongeza, wakati watu wanajiandaa kwa mikwaju, Oumar Diakité akapachika la pili. Watu wakabaki midomo wazi.

Nusu fainali wakawatoa DR Congo 1-0. Fainali, tarehe 11 Februari, wakatanguliwa na Nigeria, wakarudi, wakashinda 2-1. Kombe likabaki Abidjan.

Ukiishia hapo, wa upande wa zali wameshinda. Zambia wangepata sare, Mali wangefunga penalti yao, leo hii jina la Faé lisingetajwa nje ya kwao.

Lakini ngoja kidogo. Kessié aliyefunga ile penalti ya Senegal alianzia benchi. Adingra na Diakité waliowaua Mali, wote wawili walitokea benchi. Sasa benchi la timu si sanduku la bahati nasibu. Yupo mtu anayesimama pale, timu imepungua mtu, iko nyuma bao moja, nchi nzima inamtazama, naye anaamua kumwingiza mshambuliaji wakati wengine tungeongeza beki tusije tukaaibika zaidi. Kipa wa Mali angedaka, tungesema jamaa kachemsha. Mpira uliingia, tukasema ameula. Uamuzi ulikuwa ule ule.

Na kwa haki kabisa, tumtazame na Gasset. Sébastien Haller, aliyefunga bao la nusu fainali na lile la ushindi kwenye fainali, hakucheza mechi za makundi kwa sababu ya maumivu ya kifundo cha mguu. Adingra, aliyetoa pasi za mabao yote mawili ya fainali, naye alikuwa majeruhi mwanzoni. Gasset alipika pilau bila mchele. Faé alipoingia jikoni, mchele ukawa umefika. Je, hapo tumpongeze mpishi au gari la mizigo?

Hapa ndipo penye siri ya makocha wapya, na siri yenyewe ni rahisi. Kocha hafukuzwi timu inapopeta. Anafukuzwa timu ikiwa imefika chini kabisa. Na kitu kilichofika chini kabisa, mara nyingi hakina pa kwenda isipokuwa juu. Ni kama homa. Mtu anavumilia siku ya kwanza, ya pili, ya tatu inapompandia hadi anaweweseka ndipo anakimbilia kwa mganga. Kesho yake homa inashuka, kwa sababu homa nyingi zikishapanda hushuka zenyewe. Mganga anapewa jogoo na sifa mtaa mzima.

Hili si porojo zangu. Mchumi mmoja wa Uholanzi, Bas ter Weel, aliichambua Ligi Kuu ya nchini kwao kuanzia 1986 hadi 2004. Hakuziangalia timu zilizofukuza makocha peke yake. Alitafuta pia timu zilizoboronga kwa kiasi hicho hicho lakini zikamvumilia kocha wao. Akakuta kwamba waliofukuza hawakupata nafuu kuwashinda wale waliovumilia. Homa ilishuka kwa wote, waliokwenda kwa mganga na waliolala nyumbani.

Kwa hiyo wote ni zali? Hapana bwana, tusikimbilie huko. Twende Uingereza kwanza, kwa makaimu wawili ambao vijana wengi wa hapa mjini wanawakumbuka.

Roberto Di Matteo aliikaimu Chelsea Machi 2012, baada ya André Villas-Boas kutimuliwa. Mei akawa na Kombe la FA na Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, la pili akilichukua Munich, kwenye uwanja wa Bayern wenyewe. Bayern walitangulia dakika ya 83, Didier Drogba akasawazisha dakika ya 88, Petr Cech akapangua penalti ya Arjen Robben kwenye muda wa nyongeza, kisha wakashinda kwa mikwaju 4-3. Akapewa kazi moja kwa moja. Tarehe 21 Novemba mwaka huo huo, nje.

Ole Gunnar Solskjær alipewa Manchester United Desemba 2018 baada ya José Mourinho kuondoka. Akashinda mechi 14 kati ya 19 za mwanzo. Paris akawatoa PSG kwa kuwafunga 3-1, bao la mwisho likiwa penalti ya dakika za majeruhi. Machi 2019 wakamwaga wino, miaka mitatu. Baada ya wino kukauka akashinda mbili tu kati ya mechi kumi zilizobakia msimu ule. Wakasema ndiyo yale yale, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini huyo huyo mgema akamaliza wa tatu msimu uliofuata na wa pili uliofuatia. Akafungwa fainali ya Europa 2021 na Villarreal kwa mikwaju 11-10. Tarehe 21 Novemba 2021, nje. Angalia tarehe vizuri: 21 Novemba, sawa na Di Matteo. Ningekuwa kocha wa London au Manchester, siku hiyo ningezima simu.

Sasa niambie, Solskjær alikuwa zali? Zali halikai nafasi ya pili kwenye ligi ya mechi 38. Alikuwa profesa? Maprofesa wa Ulaya wanapimwa kwa makombe, naye hakupata hata moja pale. Alikuwa kocha mwenye uwezo wake, aliyeanza kwa upepo mzuri kuliko uwezo wenyewe, watu wakadhani upepo ule ndio yeye. Upepo ulipokata wakamwona tapeli, wakati hakumdanganya mtu.

Na Faé je? Yeye muda umemjibia. Baada ya kombe alipewa timu moja kwa moja. Mwaka 2024, kwenye kuwania kufuzu AFCON nyingine, alifungwa na Sierra Leone, akafungwa na Zambia pia, wale wale waliomwokoa bila kutaka. Wapiga domo wakaanza: "Si tulisema?" Lakini Oktoba 2025 Ivory Coast wakakata tiketi ya Kombe la Dunia la 2026. Mechi kumi, ushindi nane, sare mbili, na mabao ya kufungwa sifuri. Ndiyo, sifuri. Mechi mbili za mwanzo zilikuwa za Gasset, tusimdhulumu. Nane zilizobaki ni za Faé, na ya mwisho ndugu zetu wa Kenya walikula tatu mjini Abidjan. Unaweza kupangua penalti moja kwa ngekewa. Kumaliza mechi nane bila wavu wako kutikiswa, hapo kuna mtu kafundisha watu kazi.

Haya, turudi nyumbani, maana huko ndiko nilikokuwa naelekea tangu mwanzo.

Januari 2024, kwenye fainali zile zile za Ivory Coast, na sisi tulibadilisha kocha katikati ya safari. Adel Amrouche alifungiwa na CAF kwa kauli zake kuhusu Morocco baada ya mechi ya kwanza, ambayo tulifungwa 3-0. Timu akakabidhiwa Hemed Suleiman, yule tunayemwita Morocco. (Jina tu hilo, halihusiani na ugomvi.) Kaimu Hemed akatoka 1-1 na Zambia na 0-0 na DR Congo. Pointi mbili. Tukashika mkia wa kundi, tukapanda ndege. Mtaani watu wakasema yale yale ya siku zote, kwamba timu haina mwalimu.

Hemed akaendelea. Novemba 2024, Uwanja wa Mkapa, akawafunga Guinea 1-0 kwa bao la Simon Msuva na kutupeleka AFCON ya 2025. Agosti 2025 akatufikisha robo fainali ya CHAN. Novemba 2025, fainali zikiwa zimebaki wiki chache, akaachana na TFF.

Timu akapewa kwa ukaimu Miguel Gamondi. Huyu Muargentina hahitaji utambulisho hapa mjini. Ndiye aliyewafunga Simba 5-1 akiwa Yanga, Novemba 2023, akabeba ubingwa wa msimu ule. Ndiye pia aliyefungwa na Azam, kisha na Tabora United ndani ya wiki moja, Novemba 2024, na katikati ya mwezi kibarua kikaota nyasi.

Sasa kule Morocco, Desemba 2025, Gamondi akafungwa 2-1 na Nigeria. Akatoka 1-1 na Uganda, mechi ambayo Uganda walipata penalti mwishoni kabisa wakaikosa. Akatoka 1-1 na Tunisia, bao letu akifunga Feisal Salum. Pointi mbili. Safari hii pointi mbili zikatosha kuwa miongoni mwa washindi wa tatu bora. Angola nao walikuwa na mbili, na tofauti ya mabao sawa na yetu, sisi tukawazidi bao moja la kufunga. Taifa Stars wakaingia 16 bora kwa mara ya kwanza tangu nchi hii ianze kwenda AFCON. Honi zikalia, watu wakakumbatiana na wasiowajua. Wenyeji Morocco wakatutoa 1-0 Januari 2026, na bado tulirudi vichwa juu.

Mpenzi msomaji, naomba usome tena aya hizo mbili polepole. Kaimu wa kwanza, pointi mbili, aibu. Kaimu wa pili, pointi mbili zile zile, historia. Kilichobadilika, pamoja na nafasi yetu kwenye kundi, ni matokeo ya makundi ya watu wengine, huko ambako hakuna kocha wetu aliyekuwa na mkono.

Simvunjii Gamondi heshima. Kuichukua timu ukiwa na wiki chache, kutanguliwa na Tunisia na kurudi, hiyo ni kazi. Wala sisemi tusishangilie, maana hata mimi nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Nasema hivi: kama Gamondi ni fundi kwa pointi zile, basi Hemed hakuwa garasa kwa pointi zile. Na tiketi ya kwenda Morocco aliikata nani? Mtu akilima shamba akaondoka, anayevuna asifiwe kwa kuvuna, lakini tusijifanye mahindi yaliota yenyewe.

Basi ubishi ukianza kijiweni kwako wiki hii, kabla ya kutoa hukumu uliza mambo matatu. Kwanza, amebadilisha nini kwa mkono wake, na nini kimemtokea tu? Kumwingiza Diakité ni mkono wake. Zambia kufungwa kumemtokea. Pili, alipokea timu ikiwa na hali gani? Aliyepokea homa ikiwa kileleni, mpe muda kabla hujampa jogoo. Tatu, amecheza mechi ngapi? Tano hazitoshi kumjua mtu. Hata mchumba humjui kwa wiki tano, iweje kocha? Msimu mzima ukipita na timu bado inacheza kwa mpango, hapo sema ufundi bila woga.

Na maswali hayo usiyaache uwanjani. Mjini hapa kuna kijana amekaimishwa duka, ofisi au gari la mtu kwa sababu mwenzake ameondolewa. Mauzo yakipanda mwezi wa kwanza tunasema kijana moto, yakishuka wa pili tunasema tulijua hamna kitu. Hakuna anayeuliza kama mwezi wa kwanza ulikuwa wa sikukuu na wa pili ni Januari ya ada za shule! Mwenye bahati habahatishi, walisema wazee, lakini hawakusema asiye nayo afukuzwe.

Mimi kwangu Faé ni fundi aliyefunguliwa mlango na zali, naye akaingia akakaa na kufanya kazi. Wengi tunafunguliwa mlango, tunabaki kizingitini tunapiga picha.

Wewe wa upande wa zali, najua bado unatikisa kichwa. Tutabishana wiki ijayo panapo majaliwa. Nakutakia wikiendi njema, na kama timu yako itafungwa, usimfukuze kocha kabla ya Jumatatu.